Saa ya Kinshasa Chumbani kwa Nkambo

Baba alikuwa amezikwa jana yake, na mdogo wangu Idi alikuwa ameshaanza kugawa vitu. Simsemi vibaya. Idi amezaliwa Kinshasa na kukulia Kinshasa, na kwake huzuni ni kitu cha kumalizwa haraka, kama maji yaliyomwagika sebuleni. Alinipeleka chumbani kwa Baba akanionyesha cherehani, kabati, kanzu mbili nyeupe, na juu ya kabati saa ndogo ya mezani, ile ya kutiwa ufunguo mgongoni, yenye namba za kijani zilizofifia.

"Yaya, ile wacha," aliniambia; kwao yaya ni dada mkubwa. "Iko mubovu. Inatangulia saa nzima, miaka yote. Papa alikataza muntu asiiguse. Siye tulishazoea: ukiangalia, unatoa moja."

Niliishusha, nikafungua kifuniko cha nyuma. Harufu ya mafuta ya cherehani ikanijia puani, na mimi, mama wa watoto wanne, nikakaa chini kwenye saruji nikalia kilio kilichokuwa kimenigomea tangu niliposhuka kwenye ndege. Idi alisimama mikono kiunoni. Alidhani nalilia saa mbovu.

Haikuwa mbovu. Lakini kumweleza Idi ilibidi nimpeleke kwanza Kasungami, mtaa wetu wa Lubumbashi, na Kasungami ya utoto wangu Idi haijui.

Siku hizi Kasungami watu wanajenga ukuta juu ya ukuta. Wakati ule yalikuwa mashamba ya mahindi yenye nyumba ndani yake. Yetu ilikuwa ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu: kimoja cha Baba na Mama, kimoja changu mimi na magunia ya mahindi, na kimoja cha Nkambo, mama yake Baba. Wengine wanasema bibi. Sisi tulisema Nkambo. Alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, na alikuwa na ulimi ambao hata mbwa wa jirani walikuwa wanauheshimu. Watu wake walitoka Maniema, na alitaka kila mtu ajue hivyo kabla hajamwomba hata kiberiti.

Baba, Ramazani, alikuwa fundi wa kushona. Kazi yake ilikufa taratibu tangu nguo za tombola, zile kuukuu zinazotoka Ulaya kwenye marobota, zilipojaa sokoni. Nani atashonesha suruali wiki nzima wakati anaweza kuiokota iliyokwisha kushonwa? Rafiki yake mmoja alimwita Kinshasa, akamwambia kule watu wanapenda kuvaa kuliko kula, fundi hawezi kulala njaa. Baba akaamua kwenda. Ndipo ugomvi ulipoanza.

Kwetu mtoto hafungi safari bila radhi ya mzazi. Anapiga magoti, mzazi anamwekea mkono kichwani, anamsomea dua, basi, njia imefunguka. Mtu mwenye radhi hata akipotea atapatikana. Asiye nayo, akipata mali itamwagika, akipata watoto watamkimbia. Hatukufundishwa hivyo shuleni, ila tulijua kama tunavyojua moto unaunguza. Asubuhi ya safari Baba alipiga magoti mbele ya Nkambo, na Nkambo akaikunja mikono yake chini ya kanga.

"Ukipanda ile ndege," alisema, "radhi yangu inabakia hapa. Ukiitaka, utairudilia."

Baba alikaa magotini muda mrefu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na begi lake, kwa hiyo nilimwona alivyoinuka akapangusa vumbi magotini kwa uangalifu, goti moja, kisha goti lingine. Akaenda. Alisahau chupa yake ndogo ya mafuta ya cherehani dirishani, na Nkambo akaichukua akaiweka chumbani kwake. Mama aliona.

Simu za mkononi zilikuwa ndiyo zinaingia. Mtaani kwetu ilikuwapo moja tu ya kufaa, nayo ilikuwa ya Mama Kapinga, mwanamke wa Kasai aliyeweka meza na mwavuli barabarani akaiita cabine. Kila Ijumaa Mama alinipeleka pale kuongea na Baba. Na kwa sababu uniti zilikuwa zinakwisha haraka, Baba alikuwa na utaratibu wake: salamu, maneno na Mama, halafu jambo moja la Kinshasa kwa ajili yangu. Jambo moja tu, la ajabu, la kubeba mpaka Ijumaa nyingine.

Ndivyo nilivyojua kwamba Kinshasa haikuwa mji mkuu tangu mwanzo. Wabelgiji waliweka serikali yao Boma kwanza, kule karibu na bahari, ndipo wakaihamisha. Nilijiuliza wiki nzima waliibebaje, na kama nyumba zilivunjika njiani. Ndivyo nilivyojua kwamba ng'ambo ya mto kuna mji mkuu wa nchi nyingine kabisa, karibu hivi kwamba jioni unaona taa zao zinawaka, na hakuna miji mikuu mingine duniani inayochunguliana namna hiyo, ukiacha Roma na Vatikano. Na kwamba treni ya kutoka Lubumbashi, hata uikalie mpaka makalio yaote sugu, haikufikishi Kinshasa: inaishia Ilebo, unashuka, unapanda boti.

Nkambo hakuja kwenye simu hata mara moja. Kila Ijumaa, Mama akifunga kitambaa tutoke, alimwuliza kwa heshima, "Mama, tuende wote?" Na kila Ijumaa Nkambo alikuwa anatandika mkeka.

"Umwambie niko naswali."

Sijapata kuona mtu anayeswali kama Nkambo siku za simu. Lakini nikirudi tu, mkeka ulikuwa umeshakunjwa na yeye amekaa kwenye kigoda karibu na mbabula, makaa yamewaka, anapepea kitu kisichohitaji kupepewa.

"Amesema nini leo?"

"Baba mzima, anakusalimia."

"Sikuulize juu yake. Nakuuliza juu ya mji."

Nikamweleza habari ya miji miwili kutazamana, na Nkambo akafikiri sana, akasema, "Basi banaazimana chumvi." Nikamweleza habari ya treni inayoishia Ilebo, akasema alijua tu, mji wenye adabu ungefikika kwa miguu. Siku nyingine Baba alinipa jambo tamu kuliko yote: kwamba zamani Kinshasa ilikuwa na jina la mfalme wa Ubelgiji, na Lubumbashi yetu jina la malkia. Nilirudi mbio. Nilikuwa nimeshaelewa kila kitu: miji hii ilikuwa mume na mke! Nkambo alicheka mpaka akakohoa. Nilipokua nilisoma kwamba malkia yule hakuwa mke wa mfalme yule kamwe, alikuwa mke wa mtoto wa mdogo wake. Lakini pale nyumbani walikuwa wameshaoana, na ndoa ile ndiyo iliyonielewesha jambo jingine, lile lililonitia matatani.

Jambo hilo nililipata kwenye redio. Mtangazaji wa habari alikuwa anataja saa mara mbili: saa ya Kinshasa kwanza, halafu ya Lubumbashi, na yetu ilikuwa mbele saa moja. Nchi moja, rais mmoja, bendera moja, saa mbili. Nilimwuliza mwalimu. Alizungusha chungwa mbele ya mshumaa, akasema jua linatuamkia sisi wa mashariki kwanza. Darasa zima tulibaki tunaliangalia chungwa. Nilimwuliza Nkambo.

"Si umesema Lubumbashi ni mwanamuke?" alinijibu. "Mwanamuke anaamuka wa kwanza, anawasha mbabula. Mwanaume anaamuka maji yakiwa yamepata moto."

Hilo lilieleweka. Likaniingia kichwani likakaa: Kinshasa iko nyuma. Yanayotokea kwetu, kule bado hayajatokea. Sisi tumeshakunywa chai, wao chai yao bado inakuja. Na kama ni hivyo, basi sisi tunaweza kuwaonya. Nilifanya majaribio, msifikiri nilikuwa mjinga tu. Ijumaa moja mvua kubwa ilitunyeshea njiani, nikafika kwenye simu nimelowa, nikamwambia Baba, "Tafuta mwavuli, kwetu imeshanyesha." Ijumaa iliyofuata Baba akasema, "Aksanti mama, ulinisaidia, ilinikuta nimejifunika." Ushahidi gani tena nitafute? Kwamba mechi ya mpira tulikuwa tunaisikia kwenye redio wakati ule ule walipokuwa wanaisikia wao, hilo halikunisumbua hata kidogo. Mpira ni mpira.

Sasa, sebuleni tulikuwa na saa ya ukutani, ya betri. Chumbani kwa Nkambo, juu ya sanduku lake, ilikuwapo hii ya mezani. Na hii ya Nkambo ilikuwa inachelewa. Mama alijitolea mara nyingi kuipeleka kwa fundi mjini, na Nkambo alimkatalia kwa ukali ambao haukulingana na saa ndogo kama ile. "Ni saa mubovu, ni yangu, wacha ichelewe." Mimi ndiye niliyekuwa nalala kwake mahindi yakijaa chumbani kwangu, kwa hiyo mimi ndiye niliyemwona. Alfajiri baada ya kuswali alikuwa anaichukua, anaifuta kwa pindo la kanga, anaidondoshea tone la mafuta ya Baba ikionekana kulalamika, anaitia ufunguo, anaiangalia. "Sasa bado analala," alisema. Baadaye, tukila viazi vya asubuhi, aliinuka akaenda kuchungulia: "Sasa anaamuka." Jioni: "Sasa anafunika mashine." Hakutaja jina. Mimi niliposikia redio ikitaja saa ya Kinshasa nikakimbia chumbani nikaona ni ile ile, nilipiga kelele, "Nkambo, hii saa ni ya kule kwa Baba!"

Alinifinya sikio mpaka nikaona nyota. "Ni mubovu. Umesikia? Ukienda kusema kule ku simu, utajua mimi ni nani."

Nilijua yeye ni nani. Sikusema.

Majira ya baridi yalipoingia kikohozi kilimkamata Nkambo na hakikumwachia tena. Mama alimwambia Baba kwenye simu. Baba akasema anatafuta nafasi kwenye ndege, anatafuta, bado. Mama akarudi akasimama mlangoni kwa Nkambo, akasema, "Mama, Ramazani anaomba umuachie radhi, hata kwa mudomo wangu, nitamufikishia." Nkambo alikuwa anaangalia ukuta. Akasema, "Airudilie. Si nilimuambia?" Hayo yalikuwa maneno yake, na Mama alitoka akilia kwa hasira. Kutoka siku hiyo nyumba nzima ilijua tunasubiri nini: Baba afike kabla ya Nkambo kuondoka, au abaki bila radhi maisha yake yote.

Hakufika. Nkambo alikata roho asubuhi, jua limeshapanda, Mama akimshika mkono. Mimi nilikuwa nje nachota maji. Nilisikia Mama anapiga kelele, halafu majirani wakaanza kumiminika na kanga zao, na kila aliyeingia aliuliza ilikuwa saa ngapi, kama watu wanavyouliza, na Mama akajibu kila mmoja, "Saa tatu na nusu, njo alikata roho." Halafu akashika kichwa. "Mawee, na Ramazani! Ameenda bila kumuachia! Ramazani atabakia vile!" Wanawake wakaitikia, wakaanza kumlilia Baba kuliko walivyokuwa wanamlilia Nkambo.

Walikuwa wanatafuta maji ya moto, kafuri, sanda. Hakuna aliyeniona. Niliingia chumbani. Nkambo alikuwa amefunikwa. Juu ya sanduku saa yake ilikuwa inaendelea kulia kwa sauti yake ndogo, kwa sababu alfajiri ile, hata na kikohozi, aliniambia nimpe, akaitia ufunguo mwenyewe. Niliiangalia. Ilikuwa inasema saa tatu kamili.

Saa tatu. Saa tatu na nusu ilikuwa bado.

Sijui kama mnanielewa. Kwangu mimi lilikuwa jambo la hesabu tupu. Kinshasa, Nkambo alikuwa bado mzima, na Baba alikuwa na nusu saa ya kuomba radhi, na hakuna mtu mzima hata mmoja katika nyumba ile aliyekuwa amelifikiria. Nilikasirika kwa upumbavu wao. Nikaikumbatia saa kifuani nikatoka kupitia mahindini.

Kwa Mama Kapinga kulikuwa na mwanaume anaongea juu ya mbuzi. Mbuzi yuko wapi, mbuzi ana rangi gani, nani alimfungua mbuzi. Nilisimama mbele yake nikamwonyesha saa. Akanipa mgongo. Nilianza kulia, si kwa Nkambo, kwa ule mshale mrefu uliokuwa unatembea. Mama Kapinga alinitazama usoni, akamnyang'anya yule baba simu sikioni, mbuzi akabaki hewani.

"Zubeda, kuko nini kwenu?"

"Nipigie Baba. Mbio."

Namba aliijua kwa kichwa. Nilisikia mlio, halafu sauti ya cherehani kwa nyuma, halafu Baba.

"Allô?"

"Baba, kule iko saa ngapi?"

Alicheka. "Zubeda? Leo si Ijumaa. Iko saa tatu na kidogo. Kuko nini?"

"Basi bado! Baba, sikia, muda ni kidogo. Nkambo atakufa saa tatu na nusu. Huku alishakufa, lakini kule bado. Omba radhi sasa hivi."

Cherehani ilinyamaza.

"Unasema nini?"

Nilirudia yote, taratibu, kwa sauti ile unayotumia kwa mtu mgumu wa kuelewa. Hivyo ndivyo baba yangu alivyopata habari ya kifo cha mama yake. Mama Kapinga alikuwa ameweka mkono mdomoni, akachukua simu akasema, "Papa Ramazani, njo vile, ni kweli. Pole sana, papa. Pole." Akasikiliza. Akanirudishia. "Anakutaka weye."

Sauti ya Baba ilikuwa imebadilika, imekuwa nyembamba. "Zubeda. Alisema kitu juu yangu?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hapana. Alisema uirudilie." Nilikuwa mtoto mkweli, Mungu anisamehe. "Lakini Baba, saa yake niko nayo hapa. Ile ya chumbani. Anasema iko mubovu, anadanganya. Ni saa ya Kinshasa. Kila asubuhi anaitia ufunguo ye mwenyewe, anaangalia, anasema 'sasa bado analala'. Kisha anasema 'sasa anaamuka'. Mangaribi anasema 'sasa anafunika mashine'. Alinikataza kukuambia. Na habari zako za mji zote ananiuliza, anataka nimwambie mara mbili."

Nilidhani uniti zimekwisha.

"Leo pia aliitia ufunguo?"

"Leo pia. Na kikohozi."

"Weka ile saa ku simu."

Niliiweka. Niliigeuza mgongo ili sauti yake itoke vizuri, nikaibana kwenye tundu la kuongelea. Yule baba wa mbuzi alitaka kusema neno, Mama Kapinga akamwambia, "Wewe, nyamaza, wacha asikie." Tulisimama hivyo barabarani, pikipiki zinapita, vumbi linapanda, na kutoka ndani ya simu nilisikia sauti ya Baba, ndogo sana, haiongei na mimi.

"Mama. Mama, ni mimi Ramazani. Nimerudi. Naomba radhi."

Akasema tena. Saa ikaendelea, tik, tik, tik, na nilijua analia kwa sababu alivuta pumzi kama Idi anavyovuta hata leo. Nilipoona amekaa kimya mno niliogopa, nikarudisha simu sikioni.

"Baba, umewahi?"

Nikaangalia mshale. Ulikuwa karibu kugusa sita, lakini ulikuwa haujagusa.

"Nimewahi, mama," alisema. "Nimewahi. Umefanya vizuri."

Nilikimbia nyumbani na furaha, nawaambia ukweli. Niliingia katikati ya kilio nikatangaza, "Baba amewahi! Ameomba radhi mbele ya saa tatu na nusu!" Mama aliinua mkono kunizaba kofi, na ningelipata, ila Mama Kapinga alikuwa amenifuata nyuma ameacha meza yake peke yake. Alieleza. Mama akachukua saa mkononi mwangu, akaiangalia, akaenda sebuleni akaangalia ile ya ukutani, akarudi.

"Na miye," alisema, "kila siku namuambia nitaipeleka kwa fundi."

Akakaa chini ukutani, akaishika saa mapajani mwake, akalia upya, safari hii kwa Nkambo.

Tulimzika siku ile ile, kama ilivyo desturi yetu. Baba alifika kesho yake. Hakupitia sebuleni, alienda moja kwa moja chumbani, na saa ilikuwa bado inatembea kwa ufunguo ule ule wa Nkambo, imeanza kuchoka. Aliikalisha mapajani. Ilipoanza kulia taratibu zaidi, akashika ule ufunguo mgongoni akauzungusha mpaka ukakataa.

Alikaa nasi mpaka matanga yakaisha. Siku ya kurudi aliniita akaifungua saa mbele yangu, akasogeza mshale mbele kwa saa nzima, ikawa sawa na ile ya ukutani. "Ye alikuwa anajua miye nafanya nini," alisema. "Sasa ni zamu yangu kujua huku bantu wanafanya nini." Akaifunga ndani ya shati akaondoka nayo. Mwaka uliofuata Mama alimfuata Kinshasa, ndiko Idi alikozaliwa. Mimi niliachwa kwa dada yake Mama nimalize shule, ilisemwa ni kwa mwaka mmoja. Niliolewa huku. Nimezaa huku. Nadhani nikifa nitazikwa huku, karibu na Nkambo.

Nilipokuwa mkubwa wa kutosha kuona haya, nilimwuliza Baba kwa nini hakuniambia siku ile kwamba dunia haiendi hivyo, kwamba mtu akifa Lubumbashi amekufa na Kinshasa, palepale.

"Ningekuambia saa ngapi?" alisema. "Nilikuwa na dakika chache tu."

Na tangu hapo hakuwahi kukata simu bila kunipa radhi. Hata tukiongea juu ya bei ya unga. Hata tukigombana, na tuligombana sana, kwa sababu ulimi wa Nkambo haukuishia kwa Nkambo. "Bon, umenikasirisha, Zubeda. Radhi yangu unayo. Kwaheri." Wanangu walikuwa wanamwigiza wakicheza. Halafu lile jambo moja la Kinshasa, mpaka mwisho, ingawa nilikuwa na simu inayoweza kuniambia mambo yote ya Kinshasa kwa dakika moja. Ndipo nilipoelewa pia, nikiwa nimeshachelewa kumwambia, kwamba yale mambo ya ajabu ya kila Ijumaa hayakuwa yangu. Yalikuwa ya mtu aliyekaa karibu na mbabula akijifanya anapepea.

Idi alinipigia simu asubuhi. Nilikuwa sokoni. Alisema Papa ameenda, sasa hivi, saa nne. Niliangalia simu yangu, ilikuwa saa tano. Na mimi, mtu mzima niliyeishi na ukweli wa chungwa na mshumaa miaka yote hii, nilisimama kati ya nyanya na dagaa nikaanza kuhesabu. Nilihesabu mara mbili. Haikutoka. Safari hii saa ilikuwa upande mbaya: mtu akifa Lubumbashi, aliye Kinshasa ana saa moja mkononi, lakini akifa Kinshasa, sisi huku tumeshachelewa kabla hata hatujaambiwa. Sikuwa na hata dakika. Ndipo nikakumbuka kwamba sihitaji. Jumapili tulikuwa tumegombana juu ya dawa zake, na alikuwa amenipa radhi.

Hayo yote nilimweleza Idi, mimi nimekaa kwenye saruji, yeye juu ya kitanda cha Baba. Hakuyajua. Aliniuliza kama Nkambo kweli hakusema kitu, nikamwambia kweli, hakusema. Akafuta macho kwa haraka kama kawaida yake, akanyoosha mkono. "Leta basi nikurudishie mushale ukae sawa, mbele ya kusafiri."

"Usiiguse," nilimwambia.

Niliitia ufunguo asubuhi ya safari. Uwanjani kijana wa ukaguzi alisikia mlio ndani ya mkoba wangu akaruka nyuma, nikatolewa pembeni, nikafungua kanga zote mbele ya watu. Aliiangalia saa, akaangalia ya mkononi kwake. "Mama, lakini hii inadanganya," alisema. Nikamwambia ndiyo, hapa inadanganya.

Ndege ilipogusa ardhi ya Lubumbashi, simu yangu ilijisogeza yenyewe saa moja mbele. Nilitoa saa ya Nkambo kwenye mkoba nikaiweka pajani karibu nayo. Sikuwa nimeigusa. Zilikuwa sawa, dakika kwa dakika.